Kulima na Kuweka Chakula Chetu Wenyewe Katika Nchi ya Dodoma

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo halisemwi sana katika mikutano ya watu wa ofisi. Aghalabu tukikutana twazungumza juu ya mishahara, likizo, nyumba na kupandishwa cheo. Mambo hayo yana haki yake, wala hatuyadharau. Walakini mshahara, hata ukiongezwa, huishia mahali pamoja, yaani dukani na sokoni. Na kila mwenye watoto hapa ajua ya kuwa fedha ile ile iliyotosha unga mwezi wa Julai haitoshi mwezi wa Februari. Kwa hiyo twaomba ruhusa leo tuseme juu ya chakula: namna ya kukipata pasipo kukinunua chote, na zaidi ya hayo, namna ya kukiweka.

Twasema "zaidi ya hayo" kwa makusudi. Mtu akitaja kujitegemea kwa chakula, mara watu hufikiri jembe. Katika nchi hii ya kati yafaa kufikiri ghala kwanza. Mvua ya Dodoma huanza mwezi wa Desemba, au mwisho wa Novemba tukibahatika, nayo hukoma Aprili. Jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 570. Baada ya hapo ni jua na upepo na vumbi mpaka mwaka ugeuke. Maana yake nchi hutupa chakula kwa miezi minne au mitano, nasi twala kwa miezi kumi na miwili. Mwenye shamba kubwa na ghala mbovu atakwenda kununua unga mwezi wa Januari pamoja na yule asiye na shamba kabisa, tena watasimama katika mstari mmoja.

Wenyeji wa nchi hii, Wagogo, walijua hayo zamani sana kabla ya ofisi yoyote kujengwa hapa. Ndiyo sababu chakula chao ni mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Na ndiyo sababu mboga yao ya sifa ni mlenda, ambao huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, husagwa, na kuliwa miezi ile ambayo hakuna jani bichi porini. Walifanya pia vilindo, yaani masanduku ya mviringo ya magome ya mti, wakaweka ndani yake nafaka na mbegu. Mgeni aliyetoka Bukoba au Moshi akifika hapa huuliza migomba iko wapi. Afadhali aulize kilindo kiko wapi.

Kwamba akiba ni jambo la kufa na kupona, nchi hii imekwisha kuonyeshwa. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wadachi yaliporudi nyuma mwaka 1916 yalichukua ng'ombe na nafaka za watu, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Waingereza walipoingia nao walihitaji nyama, nafaka na wapagazi vile vile. Maghala yakabaki matupu, kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, ambayo ilifika hata mwaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Wataalamu wa historia hukadiria ya kuwa watu wapatao 30,000 walikufa katika watu 150,000 waliokuwa wakikaa nchi hii. Ni mtu mmoja katika kila watano. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wameuzoea. Lakini ukame uliokuta ghala tupu haukuwa na mfano.

Yako na mafundisho ya namna nyingine, ambayo yalitoka kwa watu wenye fedha nyingi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, wakaleta matrekta, wakajenga reli mpaka huko. Ardhi ya Kongwa ina udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikikoma hukauka ukawa kama saruji, hata karanga zikakataa kung'olewa. Na mvua yenyewe haikuja kama walivyotumaini. Mpango ulifungwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 zikawa zimekwenda. Twataja jambo hili kwa kuwa wako wenzetu wanaodhani ya kuwa mashine na fedha zikiwapo, nchi itatii. Nchi hii haitii, bali yataka kufuatwa tabia yake.

Jambo la watumishi wa Serikali kulima si geni. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974 Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini na wa maofisini nao wakahimizwa kushika majembe. Wazee wetu wengine wanakumbuka mashamba ya idara yaliyolimwa siku za Jumamosi. Mengine yalizaa, mengine yalikuwa ya kumwonyesha mkubwa akipita. Hatutaki kurudia hayo ya pili. Lakini tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kweli kuhamia hapa, maelfu ya watumishi wamekuja kutoka Dar es Salaam, wamepata viwanja, wamejenga, na wengi wao wanaishi Dodoma kana kwamba bado wako pwani: kila kitu cha kununua kila siku, hata kitunguu kimoja. Hotuba hii yawahusu hao kwanza.

Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Nyumba ya watu sita, wakubwa na wadogo, ikila kilo mbili na nusu za nafaka kwa siku, itakula kilo zaidi ya 900 kwa mwaka, yaani magunia tisa ya kilo 100. Ekari moja ya mtama katika ardhi yetu, mwaka usipokuwa mbaya, hutoa kama magunia manne. Basi yataka ekari mbili na zaidi kwa nafaka tu. Wachache wetu wana ekari mbili, na wenye nazo hawana saa za kuzilima. Kwa hiyo tusidanganyane: karani hawezi kuilisha nyumba yake nafaka kutoka kiwanja cha nyuma ya nyumba. Awezalo ni kugawanya kazi. Mboga, kunde, nyanya, mayai na matunda ayatoe kiwanjani mwake; nafaka ainunue mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, mwezi wa Juni au Julai, kutoka kwa mkulima au katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kisha aiweke. Mwenye shamba kijijini na alime mtama, lakini hesabu ya kuweka ni ile ile.

Juu ya kulima tutasema machache, kwa sababu mabwana shamba wapo na hutoa shauri bure. Hapa kwetu tatizo ni maji kukimbia: mvua hunyesha kwa nguvu saa moja, maji yakateremka yote korongoni, kesho udongo ni mkavu. Kuna njia iliyovumbuliwa na mkulima wa papa hapa katika kijiji cha Chololo, nayo yajulikana kwa jina la mashimo ya Chololo. Huchimbwa mashimo yenye upana na kina kama shubiri moja, kwa mistari. Ndani huwekwa mabua yaliyokatwa, majivu kidogo na samadi, kisha udongo, na juu yake hupandwa mbegu. Shimo hushika maji, samadi hulisha mche, na majivu husaidia kuzuia wadudu wa udongoni. Mashimo huchimbwa kiangazi, wakati ambao hakuna kazi nyingine, tena mwaka wa pili hayachimbwi upya yote. Kwa kiwanja kidogo hatujui njia iliyo bora kuliko hii.

Katika mimea, kunde ndiyo mfalme wa kiwanja cha Dodoma: majani yake ni mboga, mbegu zake ni chakula, nayo hutengeneza udongo. Njugu mawe zapenda udongo wa kichanga na hazisumbuki na jua. Mtama upandwe mbegu ya kukomaa upesi, kama ile ya Macia, na katika kituo cha utafiti cha Hombolo mtu aweza kuuliza zaidi. Twajua mtakavyojibu: kwelea kwelea. Ni kweli. Ndege hawa ndio sababu kubwa ya watu kuacha mtama na kukimbilia mahindi, maana zamani watoto walilinda mashamba, na siku hizi watoto wako shuleni, kama ipasavyo. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege hawaupendi sana, lakini na watu hawaupendi sana, isipokuwa wapika pombe. Hapo hatuna dawa nzuri ya kuwapa. Wanaopanda pamoja kwa siku zile zile na kulinda kwa zamu hupata hasara ndogo kuliko anayepanda peke yake.

Na maji ya kiangazi? Wengi husema bustani haiwezekani kwa sababu ya bili ya maji. Tazameni paa zenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita kumi kwa nane lina mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 570 hulimwagia lita 45,600 kila mwaka. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayopotea, zabaki lita 36,000 na zaidi, nazo zote twaziacha ziende barabarani kuharibu njia ya jirani. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa Aprili hutoa lita 23 kila siku mpaka mwisho wa Novemba. Ongeza maji yaliyooshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, na matuta mawili ya mchicha na matembele yatakuwa mabichi mwezi wa Oktoba, wakati jirani anakula vumbi.

Sasa twaja kwenye ghala yenyewe, na hapa twaomba masikio yenu, maana hapa watu wamekufa.

Mwaka 2016, mwaka ule ule wa kuhamia, uliingia ugonjwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu waligeuka macho manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 katika hao walifariki. Ulipochunguzwa ulionekana kuwa si ugonjwa wa kuambukizwa. Ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayofanywa na kuvu katika mahindi. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kupatwa na hayo mwaka 2004, katika nchi kavu ya Makueni na Kitui: wagonjwa 317, waliokufa 125, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Angalieni neno hilo, mahindi ya nyumbani. Chakula cha kujilimia si salama kwa sababu tu tumekilima wenyewe. Hakuna mkaguzi anayeingia katika ghala ya mtu. Mkaguzi ni mwenye nyumba.

Sumu hii haina harufu, haina ladha, na kuipika hakuiondoi. Huyapenda mahindi na karanga kuliko nafaka nyingine. Mtama na uwele hupatwa pia, lakini kwa kawaida si kwa kiasi hicho, na hiyo ni hoja nyingine ya kuurudia mtama. Huanza shambani mmea ukiteswa na jua au wadudu, kisha huzidi nyumbani nafaka ikilala na unyevu. Hatuwezi kulizuia jua, lakini unyevu twaweza. Basi nafaka isianikwe juu ya ardhi tupu, ianikwe juu ya turubai, mkeka au jukwaa. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi zichambuliwe, zitupwe kabisa. Wasipewe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita katika maziwa ikawafikia watoto. Twajua ni vigumu kutupa chakula katika nchi ya njaa. Hata hivyo itupwe.

Na mtu atajuaje kwamba nafaka imekauka? Wazee huuma punje kwa meno, na wenye uzoefu hawakosei sana. Kwa sisi wengine iko njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, nafaka ina unyevu, irudishwe juani. Kioo kikiwa safi, yafaa kuwekwa. Haigharimu kitu, na tumeleta chupa hapa mezani kwa atakaye kuona.

Baada ya unyevu ni wadudu. Wenye umri watakumbuka dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza upande wa Tabora miaka ya mwisho ya 1970, kisha akaenea nchi nzima. Watu wengine walimwita Scania, kwa kazi yake ya gari kubwa. Dumuzi hula mahindi, hula makopa ya mihogo, na hutoboa hata mbao za ghala. Dawa za unga zipo, walakini mtu asitie dawa asiyoijua katika chakula cha watoto wake. Na asome tarehe. Sisi twapendelea mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, na gunia la kawaida nje. Ulibuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun. Hauna dawa hata chembe. Kazi yake ni kuzuia hewa: wadudu waliomo huitumia hewa iliyobaki, kisha hufa. Lakini nafaka iingie kavu, maana mfuko usiopitisha hewa hautoi unyevu pia. Kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba, na panya wazuiliwe, kwa sababu tundu moja la panya limekwisha kuharibu kazi yote. Mfuko usifunguliwe kila siku. Fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue wa pili. Kwa nyumba ya watu sita tuliyoihesabu, mifuko tisa au kumi yatosha, tena ikitunzwa hutumika zaidi ya mwaka mmoja.

Karanga na njugu mawe ziwekwe na maganda yake. Ganda ni ghala aliyoifanya Mungu. Mbegu za kupanda zichanganywe na majivu makavu, ziwekwe mbali na chakula, mtoto asije akazikaanga.

Juu ya mboga tutasema kidogo zaidi, kwa kuwa hapa faida ni ya upesi. Mwezi wa Machi majani ya kunde, ya maboga na mlenda hujaa hata hayana bei. Mwezi wa Septemba fungu dogo lina bei ya nyama. Dodoma ina hewa kavu kuliko miji mingi ya nchi hii, na kukausha hapa ni rahisi. Mtu wa Tanga angetuonea wivu. Majani machanga yachumwe asubuhi, yaoshwe, yatiwe katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili tatu, yaopolewe, yatandazwe kwenye ungo au wavu ulioinuliwa kutoka chini, na kufunikwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi na vumbi. Yawekwe kivulini penye upepo. Wengi huyaweka katika jua kali ili yakauke upesi, nayo hupoteza rangi, na pamoja na rangi hupoteza ile vitamini A inayolinda macho ya watoto. Mvua ikitishia, yaingizwe ndani. Yakivunjika mkononi kama karatasi kuukuu yamekauka; yatiwe katika kibuyu au kopo lenye kifuniko kinachokaza. Nyanya hukatwa vipande, hunyunyiziwa chumvi na kuanikwa vivyo hivyo, nazo zikipondwa hutia mchuzi ladha nzuri. Zabibu, ambazo Dodoma inajulikana kwazo, zikikosa bei zikaushwe badala ya kuachiwa nyuki. Ubuyu na ukwaju havina haja ya fundi. Mti wenyewe umekwisha kuvikausha.

Mambo haya yote mabibi wengi waliozaliwa hapa wayajua kuliko sisi tunaoyasoma. Tumemwona mama mmoja jirani akitazama kwa kicheko namna karani anavyoanika kunde na saa mkononi. Mwanachama mgeni asione haya kuuliza nyumba ya jirani, kwa heshima, na kwenda na kitu kidogo mkononi.

Yabaki mambo mawili ya utaratibu. Mwenye kiwanja cha mjini aangalie sheria ndogo za Jiji kabla ya kupanda mtama au kufuga, asije akapewa barua. Na kwa kuwa mavuno yako karibu, halmashauri imekubali kwamba wanachama wanunue mifuko na nafaka kwa pamoja, gari moja, bei moja. Daftari liko kwa Katibu. Kila atakaye aandike jina lake, idadi ya magunia, na kama ataka mtama au mahindi, kabla ya mwisho wa Mei. Nafaka itakapofika itapimwa kwa chupa ya chumvi mbele ya wenyewe, na gunia litakaloshindwa halitashushwa garini.